Kumpumzisha Mzee: Je, Ni Heshima?



Liko swali ambalo twaona yafaa tulitazame pamoja, kwa kuwa linagusa kila nyumba yenye mzee, na nyumba isiyo na mzee leo itakuwa naye kesho. Swali lenyewe ni hili: mtoto anapomwondolea mzazi wake kila kazi, akamketisha kitini na kumwambia, "Umefanya kazi ya kutosha, sasa pumzika," je, amemheshimu? Wengi watajibu upesi kwamba amemheshimu, na majirani watamsifu. Sisi twadhani jibu si jepesi hivyo. Mara nyingine heshima ya namna hii humwondolea mzee kitu ambacho fedha za mwanawe haziwezi kukinunua dukani, nacho ni nguvu za mwili wake mwenyewe.

Tutoe mfano. Tuseme yuko mama mjane wa miaka 67 huko kijijini. Nyuma ya nyumba ana bustani ya maharage, mchicha na mihogo. Yeye huteka maji mwenyewe, hufua nguo zake, na siku ya gulio huenda kwa miguu na kurudi. Watoto wake walioko mjini wamejaliwa kipato, nao waona aibu kusikia kwamba mama yao bado anashika jembe. "Watu watasema nini?" waulizana. Basi wanamleta mjini, katika nyumba yenye bomba ndani, msichana wa kazi na televisheni. Asubuhi anapewa chai yenye sukari ya kutosha pamoja na maandazi, mchana sahani kubwa ya wali, jioni ugali, na kila ajapo mgeni, soda. Akijaribu kuchukua ufagio ananyang'anywa. Hakuna hata mmoja aliyemtendea ubaya. Lakini baada ya miaka miwili mama huyu hawezi kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, ngazi tatu za barazani zinamtweta, na hospitalini wamemwambia kwamba sukari imepanda. Watoto wake wanatikisa vichwa na kusema, "Ni uzee." Je, ni uzee peke yake?

Ili tujibu hapana budi tujue kidogo jinsi mwili unavyotumia chakula. Tunapokula ugali, wali, viazi au mkate, tumbo huvivunja vyakula hivyo kuwa sukari, nayo huingia katika damu. Hapo kongosho hutoa insulini, ambayo kazi yake ni kama ya mwenye funguo: huufungulia mwili ili sukari iingie ndani na kutumika. Sehemu kubwa ya sukari hiyo hupelekwa katika misuli. Kwa hiyo misuli si ya kunyanyulia mizigo tu, bali ni ghala kuu la kuhifadhia sukari baada ya mlo. Ghala likiwa dogo, au likiwa limejaa siku zote kwa sababu hakuna kinachotumika, sukari hukosa mahali pa kwenda, hubaki katika damu, na kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi na zaidi. Miaka ikipita huchoka. Hiyo ndiyo njia moja kubwa ya kufikia kisukari cha aina ya pili.

Lakini misuli ina mlango wa pili. Inapofanya kazi, iwe kwa kutembea, kulima, kupanda mlima au kubeba ndoo, huivuta sukari kutoka katika damu hata bila kungoja insulini nyingi. Tena manufaa hayo hayaishi mtu anapoketi. Huendelea kwa saa nyingi, hata siku moja au mbili, kisha hupungua mpaka afanye kazi tena. Ndiyo maana matembezi mafupi baada ya chakula husaidia kuishusha sukari. Basi mama yetu yule alipokuwa akiteka maji na kupalilia, alikuwa akiufungua mlango huu wa pili kila siku bila kujua jina lake. Watoto wake walipomnyang'anya ndoo na jembe, waliufunga. Na siku hiyohiyo wakamwongezea sukari mezani.

Ni kweli kwamba uzee wenyewe hupunguza misuli. Wataalamu hukadiria kwamba tangu miaka 30 hivi mtu hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli yake kila miaka kumi, na baada ya miaka 60 upotevu huongezeka. Lakini kukaa bure hufanya kazi ya uzee kwa haraka zaidi kuliko uzee wenyewe. Jambo hili lilipimwa. Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, vijana watano wa miaka 20 walikubali kulala kitandani majuma matatu bila kuinuka, na madaktari wakapima uwezo wa miili yao kufanya kazi kabla na baada. Miaka 30 baadaye, mwaka 1996, watu walewale watano walipimwa tena wakiwa wamefika miaka 50. Ikaonekana kwamba yale majuma matatu ya kitandani yaliushusha uwezo wao kuliko miaka 30 yote iliyofuata. Ikiwa kitanda chaweza kumfanyia hivyo kijana wa miaka 20, tufikiri kiti kinamfanyia nini mama wa miaka 67.

Hapa mtu atatuuliza: je, mnataka kusema kwamba mzee asipumzike? Hasha. Tutazame mfano wa jirani zetu Wahadzabe, wanaoishi kando ya ziwa Eyasi kaskazini mwa nchi yetu. Watafiti waliokaa nao waliandika mwaka 1989 kwamba wanawake waliokwisha kupita umri wa kuzaa walitumia muda mwingi kutafuta chakula kuliko wanawake vijana, wakichimba mizizi katika ardhi ngumu na kuwalisha wajukuu. Wengine waliopima mienendo yao waliandika mwaka 2017 kwamba Wahadzabe hufanya kazi ya kutoa jasho kwa zaidi ya saa mbili kila siku. Lakini la kushangaza zaidi liliandikwa mwaka 2020: watu hawa hupumzika karibu saa 10 kwa siku, kiasi kilekile cha watu wa nchi za viwanda. Tofauti ni kwamba wao mara nyingi hupumzika kwa kuchuchumaa au kupiga magoti, mikao ambayo misuli ya miguu huendelea kufanya kazi kidogo. Hatusemi maisha yao ni mepesi, wala hatutaki mtu ayaige yote. Twasema tu kwamba pumziko na kiti si kitu kimoja.

Sisi tuliofundisha lugha twapenda pia kuyatazama maneno yenyewe. Kupumzika ni tendo la mtu mwenyewe: amechoka, anaketi chini ya mwembe, na akiisha kupumua anainuka. Kupumzishwa ni jambo analofanyiwa na mtu mwingine, achoke asichoke, atake asitake. Mwalimu anayestaafu anapumzika wajibu wa kengele na wa kusahihisha madaftari. Hiyo ni haki yake aliyoitolea jasho. Lakini hakuna mahali palipoandikwa kwamba miguu yake nayo imestaafu. Tukimwondolea mzee ulazima wa kazi, twampa uhuru. Tukimwondolea kazi yenyewe, hata ile aipendayo, twampokonya uhuru huohuo tuliodhani twampa.

Kwa hiyo mtoto mwenye mapenzi yampasa ajiulize swali gumu: ninapomnyang'anya mama jembe, namwonea huruma yeye, au naogopa maneno ya watu? Katika desturi zetu nyingi mzee aliyenenepa na kukaa tu amekuwa ni tangazo la mafanikio ya watoto wake. Mwili wake umekuwa ubao wa matangazo. Wageni wakimkuta ameketi, watoto husifiwa. Wakimkuta ameinama bustanini, watoto husengenywa. Lakini amri inayotuagiza kuwaheshimu wazazi haikutolewa ili sisi tupate sifa. Heshima inayomnufaisha mwenye kuitoa na kumdhoofisha mwenye kuipokea ina kasoro, hata ikitolewa kwa machozi ya mapenzi.

Chakula nacho kina maswali yake, kwa maana ukarimu wetu aghalabu ni wa sukari. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi kiasi ambacho kwa mtu mzima wa kawaida ni yapata gramu 50 kwa siku, na kwamba ikipungua hadi gramu 25 ni bora zaidi. Kijiko kimoja cha chai hubeba gramu 4 hivi. Basi vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja ni gramu 36, na chupa moja ya soda aghalabu huongeza gramu 30 au zaidi. Kabla mgeni wa pili hajabisha hodi, mzee amekwisha kuvuka mpaka. Wakati huohuo vile vinavyojenga misuli humpungukia, kwa sababu twadhani mzee anahitaji chakula laini tu, uji na mkate. Kinyume chake ndicho kweli: wataalamu hushauri kwamba mzee ale protini si chini ya kijana bali zaidi kidogo, yapata gramu moja au zaidi kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, isipokuwa mwenye ugonjwa wa figo, ambaye hana budi kufuata ushauri wa daktari. Wala protini si nyama ya bei ghali peke yake. Maharage, kunde, choroko, dagaa, mayai, maziwa na karanga vimo katika masoko yetu yote. Yule mama wa mfano wetu alikuwa na maharage nyuma ya nyumba yake. Alipohamishiwa mjini alipanda daraja katika macho ya watu, na akashuka katika sahani.

Tusidhani kwamba mfano huu ni wa nyumba moja. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania katika miaka ya 1980, na kutangazwa mwaka 1989, uliwakuta na kisukari watu wasiofika mmoja kati ya 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012, uliopima watu wa miaka 25 hadi 64 mijini na vijijini, uliwakuta karibu 9 kati ya 100. Umri wa waliopimwa na mahali walipoishi havikuwa sawa, hivyo hatuwezi kulinganisha tarakimu hizo kama tunavyolinganisha hesabu za ubaoni. Hata hivyo, kila mtu mwenye macho anaona ni upande gani tunaelekea.

Sasa tuseme mambo mawili ili tusieleweke vibaya. La kwanza, wapo wazee ambao hawakuombwa na mtu yeyote kupumzika. Bibi wa miaka 75 anayelea wajukuu wanne yatima, akilima ili wapate kula na kutafuta ada za daftari, hahitaji kuhubiriwa habari za mazoezi. Yeye anahitaji msaada, na mtoto au jirani asiyempa kwa kisingizio kwamba kazi ni afya amegeuza maneno yetu kuwa udhalimu. Kazi inayojenga ni ile mzee anayoweza kuiacha anapochoka. Kazi asiyoweza kuiacha ni mzigo, na mizigo twaagizwa kuchukuliana.

La pili, tusiwahukumu wagonjwa. Kisukari na shinikizo la damu vina sababu nyingi: urithi wa ukoo, umri, umaskini, aina ya chakula kinachopatikana, na mengine ambayo mtu hakuyachagua. Wapo watu wembamba wenye kutoka jasho kila siku ambao hata hivyo wameugua. Anayemnyoshea mgonjwa kidole na kusema, "Ulikula sana," hajamponya, ila ameongeza aibu juu ya maradhi, na aibu huwafanya watu wafiche ugonjwa mpaka miguu inapata vidonda. Swali letu si nani wa kulaumiwa. Swali letu ni nini bado chaweza kufanywa, na kwa upendo wa namna gani.

Je, wakati haujapita? Hapa tuna habari njema. Mwaka 1990 madaktari huko Boston, Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio walilofanya katika nyumba ya kutunzia wazee. Wazee 10 wenye miaka kati ya 86 na 96, dhaifu kabisa, walianza kunyanyua uzito kwa miguu yao chini ya uangalizi, mara tatu kwa juma. Mmoja hakuendelea. Wale tisa waliomaliza majuma manane, nguvu za miguu yao kwa wastani zilizidi mara mbili na nusu ya zilivyokuwa mwanzoni. Walipoacha, nguvu zilianza kupungua tena. Maana yake ni kwamba mwili wa mtu wa miaka 90 bado unasikiliza unapofundishwa, na bado unasahau usipofanya marudio, kama mwanafunzi mwingine yeyote.

Kadhalika mwaka 2002, huko huko Marekani, ulitangazwa uchunguzi wa watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini hawajawa na kisukari. Kundi moja lilisaidiwa kupunguza uzito kidogo kwa kula kwa kiasi, na kutembea au kufanya mazoezi mengine kwa dakika 150 kila juma. Katika miaka mitatu hivi, waliopata kisukari katika kundi hilo walikuwa pungufu kwa asilimia 58 kuliko kundi ambalo halikupewa msaada huo. Na walionufaika zaidi hawakuwa vijana. Waliovuka miaka 60 walijikinga kwa asilimia 71. Basi tusiseme kwamba mzee amekwisha kuwa mti mkavu usiokunjika.

Tufanye nini basi? Hatuhitaji mashine wala viatu vya bei kubwa. Mzee wa kijijini na aendelee na bustani yake kwa kadiri aonavyo inamfaa, na mtoto amsaidie kwa kulima sehemu ngumu, siyo kwa kumfukuza. Mzee wa mjini apewe kitu cha kutunza: kuku, miche ya mchicha katika ndoo, mjukuu wa kusindikizwa shuleni asubuhi. Aende sokoni mwenyewe na arudi na mzigo mdogo. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba watu wazima watembee au wafanye kazi ya kutoa jasho kidogo kwa dakika 150 hadi 300 kila juma, na kwamba wenye miaka 65 na zaidi wafanye pia mazoezi ya nguvu na ya kujisawazisha siku tatu au zaidi. Kuinuka kitini na kuketi tena mara kadhaa, mikono ikiwa imekunjwa kifuani, ni zoezi zuri, na pia ni kipimo. Wataalamu wa Ulaya walikubaliana mwaka 2019 kwamba mtu anayechukua zaidi ya sekunde 15 kuinuka mara tano ana dalili ya misuli iliyodhoofika. Kipimo hicho hakihitaji kitu zaidi ya kiti imara na saa. Lakini anayetumia dawa za kisukari au za moyo, au ambaye miguu yake imekufa ganzi, amwone mganga kwanza, kwa maana kazi huishusha sukari na dawa nayo huishusha, na viwili hivyo vikikutana ghafula vyaweza kumwangusha.

Na sisi tulio wazee tunao wajibu wetu. Wengi wetu tulikuwa wanafunzi mwaka 1973, wakati kampeni ya Mtu ni Afya ilipowakusanya watu wapatao milioni mbili kusikiliza redio, kujadiliana na kuchimba vyoo. Tulikimbia mchakamchaka kabla ya kupambazuka, tukalima shamba la shule, tukafundishwa kwamba kujitegemea ni utu. Somo lile halikuwa na umri wa kuhitimu. Mtoto akisema, "Mama, keti," tuna ruhusa ya kujibu kwa upole, "Ahsante mwanangu, nitaketi nikichoka." Tena tukatae kijiko cha tatu cha sukari bila kumwaibisha aliyetukaribisha. Kuutunza mwili si kujipenda kupita kiasi. Mzee anayeweza kuinuka mwenyewe usiku amemwachia binti yake usingizi wake.

Wahenga walituachia msemo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi huufahamu kama karipio kwa mgeni mvivu. Lakini waweza kusikika pia kama neno la mapenzi, kwa sababu anayepewa jembe amekoma kuwa mgeni. Amekuwa mtu wa nyumbani. Mzazi aliyeketishwa siku zote, asiyeruhusiwa kugusa ufagio wala ndoo, amefanywa mgeni wa daima katika nyumba ya mwanawe mwenyewe. Basi ndugu zetu vijana, kabla hamjaamua ni kazi zipi za kumwondolea mzee wenu, mwulizeni kwanza ni zipi apendazo mmwachie.